Kijana wa Kwenye Fomu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimechaguliwa! Jina langu ni la mwisho kwenye orodha, tena limeongezwa kwa kalamu baada ya jina la mwingine kukatwa. Lakini orodha ni orodha. Mafunzo ya washauri wa vijana, wiki tatu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la mabomba. Tuko kumi na mmoja. Mafunzo yakiisha, mmoja wetu atakuwa msimamizi wa kituo kipya cha vijana waliokaa tu, wasiosoma na wasio na kazi. Ofisi ya msimamizi nimeichungulia kwenye tundu la ufunguo. Meza. Dirisha. Kiti cha kuzunguka! Nafasi hii ni yangu. Mimi mwenyewe sina kazi tangu kiwanda cha uchapaji kifungwe, mwaka wa nne sasa. Huo nauita uzoefu.

Mkufunzi ni mama mfupi, sauti ndogo, viatu vya kutembelea mbali. Ameandika kanuni tatu kwenye karatasi kubwa ukutani. Sikiliza kwanza. Usiahidi usichoweza kutimiza. Usimfanyie kijana anachoweza kujifanyia. Nikanyoosha mkono, nikauliza kama kuna kanuni ya nne kwa ajili ya walioelewa hizo tatu upesi. Akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani nimemgusa.

Kazi yetu: kila mmoja atafute kijana mmoja aliyekaa tu, amsikilize, kisha ajaze Fomu Namba Nne, Maisha ya Kijana ya Kila Siku. Isomwe mbele ya wote Jumatatu ijayo.

Washindani nimewapima. Wengi hawana lolote, maji ya kunawa tu. Wa kuangaliwa ni mmoja, mlinzi mstaafu, mzee wa miaka sitini na kitu aliyelinda ghala la mbao nusu ya maisha yake. Alipoulizwa kilichomleta, alisema amezoea kukaa macho wakati wengine wamelala. Basi, darasa zima likamtazama kwa mapenzi. Njama hiyo! Nitamchunga.

Nimerudi nyumbani kutangaza. Nyumbani ni kwa dada yangu, ambako nakaa kwa muda. (Muda wenyewe ni huo mwaka wa nne.) Dada ni fundi cherehani. Alikuwa na pini mdomoni, akaitikia kwa pua. Mpwa wangu, binti yake wa pekee, alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa. Nikamwambia kupitia mlangoni kwamba mjomba wake anakuwa bosi. Akasema, "Hongera, Mjomba." Sauti ya mtu aliyejifunika shuka mpaka puani. Saa nane mchana! Ana miaka ishirini, afya tele. Vijana wa siku hizi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda kutafuta kijana wangu. Kuna ukuta mrefu wa kiwanda kilichofungwa ambako vijana hukaa kutwa. Niliwakuta saba. Nikavaa koti, nikasimama juu ya tofali, nikawahutubia habari za kesho iliyo njema.

Mwanzoni walidhani nimetumwa kuandika nyumba za kubomolewa. Nilipowaambia mimi ni mshauri, mmoja mwenye kofia akaniuliza ni nani ananilipa. Nikasema kwa sasa hakuna. Akawageukia wenzake akasema, "Jamani, kumbe na sisi ni washauri." Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Nikaona hapa pasipo na mkakati nitaumbuka. Nikawaahidi kazi. Wote saba. Kabla ya mwisho wa mwezi! Wakauliza kazi gani, wapi. Nikasema maelezo yatatolewa baadaye. Yule mwenye kofia alikuwa akiyasema maneno hayo pamoja nami, neno kwa neno, midomo ikienda sawasawa na yangu. Inaonekana amewahi kuyasikia. Hakucheka tena. Hakuna aliyecheka. Wakainuka mmoja mmoja, wakaenda kukaa mbele kidogo, pale ambapo mimi sipo.

Nikiwa natoka nilimwona mlinzi mstaafu mwisho wa ukuta ule ule, ameketi juu ya jiwe. Pembeni yake kijana mmoja anachonga kijiti. Hakuna anayesema neno. Nilikwenda kwa fundi viatu, nikarudi, bado wako vile vile. Ndiyo kazi hiyo? Mzee analala macho wazi na anahesabiwa kuwa yuko mafunzoni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku mbaya. Leo ilikuwa mazoezi ya wawiliwawili, mmoja mshauri, mwingine kijana. Nikapangwa na nani? Na mlinzi mstaafu.

Nilianza mimi kuwa mshauri. Katika dakika kumi nilimpa ushauri wa aina kumi na mbili, nikahesabu kwa vidole. Mkufunzi akauliza darasa kijana huyu amesema nini. Hakuna aliyejua. Hakupata nafasi.

Kisha tukabadilishana. Mzee akaniuliza swali moja tu. "Asubuhi ukiamka, kinachokujia kwanza ni nini?" Halafu akakaa. Akasubiri. Mimi nilikuwa na hadithi yangu tayari, kijana mlevi wa kupendeza sana. Nikafungua mdomo ikatoka nyingine. Nikajisikia nikimwambia kwamba kila asubuhi navaa koti na kutoka nyumbani saa ya wafanyakazi, ili majirani waone. Kwamba natembea mpaka daraja la chini, nakaa hapo, nasoma mabango, narudi saa ya wafanyakazi. Mwaka wa nne huu.

Macho yalinichoma. Chumba kile kina vumbi. Mzee hakusema pole, hakusema kitu, akaendelea kukaa tu kama mtu aliye na siku nzima. Ujanja wa kishenzi! Amenivua nguo mbele za watu kwa swali moja.

Na Jumatatu fomu inatakiwa. Kijana sina.

Jumapili, 12 Oktoba

Nina kijana! Sijampata. Nimemtunga.

Nani atajua? Kijana wa karatasi hawezi kukuuliza nani anakulipa. Nikaketi mezani jikoni na Fomu Namba Nne. Dada alikuwa amekwenda kupeleka nguo za wateja. Nyumba kimya. Nikaandika: kijana wa kiume, miaka ishirini. Baada ya hapo, kichwa kikawa kitupu kama debe. Vijana hawa hufanya nini kutwa? Nikajikuna. Nikachora kiti cha kuzunguka pembeni.

Hapo mlango wa mpwa wangu ukafunguka polepole. Alidhani nimetoka na mama yake. Alipita na sahani yake, akaiosha bila kugonga kitu, akairudisha kabatini ikiwa bado na maji, akarudi ndani. Hakuniona, nilikuwa kwenye kona nyuma ya lundo la vitambaa. Nikasema moyoni, haya basi, kitu si hiki hapa?

Kalamu ikashika njia. Nikaandika kwamba kijana huyu husubiri mlango wa nje ufungwe, watu wametoka, ndipo atoke chumbani. Kwamba pazia lake amelibana ukutani kwa vibanio sita vya nguo ili mwanga usipite. Kwamba aliandika barua za kuomba kazi ishirini na mbili, na siku aliyoacha kuandika, kalamu aliirudisha kwa mwenyewe. Kwamba simu yake huilaza kifudifudi. Kwamba hatoki kununua hata chumvi tangu jirani alipomwuliza, "Siku hizi uko wapi?" Kwamba viatu vyake vya kutokea amevitia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo, akavisukuma uvunguni. Kwamba ukimwuliza anasema yuko sawa, na husema haraka, kabla hujamaliza kuuliza.

Pande zote mbili zimejaa! Tena kwa nakala safi. Ile ya kwanza yenye kufutwafutwa nimeiacha kwenye droo ya jikoni. Sijawahi kuandika vizuri namna hii. Nina kipaji cha kubuni ambacho dunia haijakitumia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ushindi! Ushindi, halafu balaa.

Walisoma wengine, kijana wangu anapenda mpira, kijana wangu ana matumaini. Mlinzi mstaafu alisoma sentensi tatu, akasema mengine bado hajaambiwa. Kisha nikasoma mimi. Nilipofika kwenye viatu uvunguni, mama mmoja nyuma akapenga kamasi. Nilipomaliza hakuna aliyetikisika. Mkufunzi akavua miwani. Akasema katika miaka yote ya kufundisha hajasikia mtu aliyemwona kijana kwa macho namna hii. Nilihisi kiti kinanizungusha.

Halafu akauliza huyo kijana anaishi na nani. Nikasema na mama yake, na mjomba pia, mtu mwenye busara, ila ana shughuli nyingi. Akauliza huyo mjomba huzungumza naye? Nikasema huzungumza kupitia mlangoni. Mkufunzi akasema angetamani kumwuliza mjomba huyo anawezaje kuupita mlango ule kila siku. Darasa zima likatikisa kichwa kumsikitikia mjomba yule. Mama wa kamasi akamwita jiwe. Nami nikatikisa kichwa. Ningefanyaje?

Balaa lenyewe hili: mkufunzi anasema kijana huyu hali yake si ya kungojea. Anataka aonane naye. Alhamisi.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimepata dawa. Kinyozi wa kona, kijana mwembamba wa miaka ishirini na mbili, uso wa huzuni kwa kuzaliwa. Nimemwomba awe kijana wangu kwa saa moja. Alisita, lakini nikamwahidi koti langu. Akafunga duka, akakariri fomu yote huku akinoa wembe kwa mazoea. Ana bidii kuliko nilivyotaka. Ameuliza alie lini. Nimemwambia asilie. Amesema atalia kidogo.

Jioni mpwa wangu aliniuliza kupitia mlangoni kama mafunzo ni magumu. Sikumbuki lini mara ya mwisho aliniuliza jambo. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu, asingeelewa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Naandika hapa nikiwa nimejifungia chooni. Dada anagonga.

Kinyozi alikuja na koti langu, amejinyoa, ananukia spiriti. Alianza kulia kabla ya kuketi. Mkufunzi akampa maji, akamngoja. Akamwuliza polepole habari za vibanio. Akajibu vizuri. Akamwuliza habari za barua. Akajibu vizuri, akaongeza kilio. Mimi pembeni napumua kwa pua moja. Tulikuwa tumebakiza swali la viatu!

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia mlinzi mstaafu kuchukua mwavuli wake. Akamwona, uso ukamchanua. "Ah, kinyozi wangu! Jumamosi nije saa ngapi?"

Na yule mpumbavu, kwa mazoea ya kazi, machozi bado mashavuni: "Saa tatu, mzee wangu, kabla hakujawa na foleni."

Nilisikia watu wakipima mabomba chini dukani.

Mkufunzi alimshukuru kinyozi, akamwacha aende. (Na koti langu!) Akamngoja mzee atoke. Nilijiandaa kwa matusi, nina majibu ya matusi. Hakutukana. Aliiweka fomu mezani katikati yetu, akauliza, "Huyu ni nani?"

Nikasema ni wa kubuni tu.

Akasema mtu anaweza kubuni njaa, anaweza kubuni machozi. Lakini vibanio sita? Viatu vilivyofungwa fundo? Akasema hivi havibuniwi, hivi vimeonwa. Kuna mtu mahali fulani amelala kwenye chumba hiki sasa hivi, nami najua ni wapi. Nikasema mimi ni msanii kwa asili. Akasema nina mpaka Jumatatu nilete ukweli, ama sivyo jina langu litakatwa.

Dada anasema nikimaliza na choo nikamletee maji. Sina amani hata chooni.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimelala chali nikipanga. Mpango ulikuwa rahisi: kumwomba mpwa aje Jumatatu, akae kama anavyokaa siku zote. Si uongo hata kidogo. Ni uongo uliorudi nyumbani. Kuhusu kijana kuwa wa kiume ningesema mkono uliteleza.

Nilirudi kutoka darajani saa tano. Nikamkuta jikoni! Ameketi kwenye kiti changu, mchana kweupe, amevaa sweta lake la siku zote. Mbele yake droo wazi na ile nakala ya kwanza. Alikuwa akitafuta kiberiti.

Hakuinua macho. Akasema, "Huyu ni mimi."

Nikasema ni kijana wa kiume.

"Mjomba. Barua ishirini na mbili."

Akaisoma tena, kidole kikipita mstari kwa mstari. Akasema alidhani amejificha vizuri. Alidhani hakuna anayejua habari za sahani, wala za mfuko uvunguni. Miaka miwili alikuwa akijiambia kwamba hawamwoni, kwamba wangemwona wangesema kitu. Hilo ndilo lililomshikilia, kuamini kwamba hawajui tu.

"Kumbe ulikuwa unaniona," akasema. "Basi kwa nini hukugonga?"

Nilitafuta jibu. Kwa kweli nilitafuta. Nikasema fomu haikuwa na sehemu ya kugonga.

Akacheka. Sijasikia kicheko chake tangu sijui lini, nikafurahi, nikacheka naye. Halafu kikageuka kikawa kitu kingine, kikubwa kuliko yeye, akaziba mdomo kwa mkono wa sweta. Mimi nimesimama na birika mkononi. Sikujua niliweke wapi. Mtu akilia hivyo birika huwekwa wapi?

Alipotulia, nikamsimulia mkufunzi alivyouliza huyu ni nani, nikamwuliza kama atakuja Jumatatu. Ndiyo, nilimwuliza. Muda ulikuwa umebana.

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekosea nyumba. Akaenda chumbani kwake. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Dada ameisoma. Mpwa aliiacha juu ya cherehani, chini ya mkasi. Dada si msomaji wa haraka, alikuwa akifuata maneno kwa chaki ya kukatia, kila neno likapata doa jeupe. Cherehani kimya tangu asubuhi. Mteja alikuja na gauni lake, akajibiwa arudi kesho.

Alipomaliza alisema, si kwangu, kwa ukuta labda, kwamba miaka yote anapima mabinti wa watu, kifua, kiuno, urefu, na wa kwake hajui amekonda kiasi gani. Kila akimwuliza anaambiwa yuko sawa. Naye alipokea jibu kwa sababu alikuwa na kazi za watu mkononi.

Nikaona niseme la kumfariji. Nikamwambia ripoti ilisifiwa sana na mkufunzi.

Akanirushia kile kimto cha pini. Zikiwemo pini.

Baadaye alikwenda kuketi chini sakafuni, mgongo kwenye mlango wa binti yake. Mlango haukufunguka. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa, mmoja ndani, mmoja nje. Mimi nilijipakulia mwenyewe. Hakuna aliyenikataza, hakuna aliyenikaribisha.

Jumatatu, 20 Oktoba

Lo! Saa moja asubuhi nikiwa natafuta kisingizio cha kuugua, mpwa wangu akatoka amevaa viatu. Fundo lilikuwa limekaza, ameukata mfuko kwa mkasi wa mama yake. Nikashangilia. Mpango umefaulu! Akaniambia haji kwa ajili yangu. "Nataka kumwona huyo mama aliyeuliza mimi ni nani, hata kabla ya kunijua." Maneno yake hayo. Sikuyaelewa vizuri.

Njiani alitangulia hatua kumi, nadhani asionekane na mimi. Uso umepauka kama wa mtu aliyetoka wodini, anapepesa macho kwa jua. Tukakutana na yule jirani. "He! Siku hizi uko wapi?" Mpwa akasimama. Nilidhani anarudi nyumbani. Akajibu, "Nyumbani," akaendelea kutembea. Neno moja tu, lakini niliona jasho mgongoni mwake.

Alifika ngazi za duka la mabomba, akapanda tatu, akakaa. Miguu imekataa. Nikamtia moyo kwa njia nne tofauti. Nikamkumbusha kwamba saa inakwenda na jina langu liko hatarini. Akaegemeza kichwa ukutani.

Mlinzi mstaafu akashuka. Akaangalia. Akakaa ngazi ya chini yake, magoti yakilia kama bawaba, akaanza kutazama mabomba dukani kana kwamba anataka kununua. Basi. Hakuna salamu ndefu, hakuna ushauri. Niliwangoja robo saa, nikapanda peke yangu nisichelewe.

Saa ya chai nikachungulia dirishani. Bado wapo. Lakini sasa anayesema ni mpwa wangu! Anasema na mikono, anasema na mabega, na mzee anaitikia kwa kichwa. Miaka miwili nyumbani kwetu hakusema nusu ya hayo.

Alipopanda hatimaye, alimwambia mkufunzi mbele yetu sote: "Mimi ndiye wa kwenye fomu. Aliyeiandika anajua vibanio vyangu ni vingapi. Mimi hanijui."

Mama wa kamasi akanigeukia polepole. Nilijua kwamba sasa anajua jiwe ni nani.

Jina langu limekatwa. Mkufunzi alilikata mwenyewe, kwa mstari mmoja, bila hasira. Akanisindikiza mpaka mlangoni. Akasema nina macho mazuri kuliko wote waliopita chumba kile, na kwamba hilo ndilo linalomwuma. Nikamwuliza kama anaweza kuniandikia hilo la macho kwenye karatasi yenye mhuri.

Ijumaa, 24 Oktoba

Matokeo. Msimamizi ni mlinzi mstaafu. Bila shaka! Ofisi hata haitumii. Kiti cha kuzunguka amekitoa nje kwenye korido, vijana wanakikalia kwa zamu. Yule mwenye kofia nimemwona kwa macho yangu akizunguka nacho. Mimi sikupewa hata mara moja.

Mpwa amekwenda kituoni Jumanne, amekwenda Jumatano. Jana hakuamka. Dada alibaki amesimama katikati ya nyumba, uso umemshuka, hajui agonge au asigonge. Akagonga. Binti akasema leo hawezi. Mara hii hakusema yuko sawa. Dada akaingia ndani, akakaa kitandani kwake mpaka adhuhuri, kazi za watu zikasubiri. Leo binti amekwenda tena. Huko anawaandikia wenzake barua za kuomba kazi. Kazi yenyewe hajapata, na sioni atakayempa. Dirishani vibanio vimebaki vitano.

Nimemwandikia mkufunzi kurasa tatu nikimweleza, kwa unyenyekevu, kwamba bila fomu yangu binti yule angekuwa bado amelala. Kwa hiyo cheti ni haki yangu. Hajajibu. Wivu wa kitaaluma.

Dada hanisemeshi ila kwa mambo ya maji na takataka. Mpwa hunisalimia. Husalimia kama anavyosalimiwa mpangaji.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mlango mmoja ukifungwa! Leo nikiwa darajani nimesoma tangazo jipya. Mafunzo ya wahudumu wa wagonjwa majumbani. Mhitimu bora atakuwa mkuu wa wahudumu wote. Koti jeupe! Mwombaji aambatanishe maelezo ya mgonjwa mmoja anayemjua kwa karibu.

Nimerudi mbio, nimeketi jikoni kwenye kona yangu nyuma ya vitambaa. Nimeshaanza. Safari hii sitabuni, nimejifunza.

Mwanamke, miaka hamsini na minne, fundi cherehani. Kwa wiki mbili sasa anakanyaga pedeli kwa mguu wa kushoto. Wa kulia umevimba, ukibonyezwa na ukingo wa kiatu alama inabaki. Akiinuka hushika meza kwanza, hungoja, kisha huenda. Akipanda kizingiti hupumua mara tatu. Jana aliangusha mkasi, akautazama pale chini muda mrefu, akausukuma kwa fagio badala ya kuinama. Binti akiingia hujifanya anatafuta uzi.

Ukurasa mmoja na nusu, na bado hata chakula hakijaiva! Sijamwuliza kitu. Akijua kuna anayemtazama ataanza kujikaza, na ripoti yote itaharibika.